Pumu ya utotoni, tuiandike kwenye fomu za West Point?

Wadau, mdogo wangu ana uraia wa Marekani anaomba West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani, sasa fomu ya afya ya DoDMERB (bodi ya Wizara ya Ulinzi inayokagua afya za waombaji) inauliza kama ashawahi kuwa na pumu, alikuwa anavuta inhela mpaka darasa la kwanza hivi, tangu hapo mzima kabisa, tuandike au tukaushe?

— Andikeni bwana. Inayowabana ni pumu ya baada ya kutimiza miaka 13.

— Msikaushe! Rekodi za famasi zikichomoza baadaye ishakuwa kesi ya udanganyifu, mbaya kuliko pumu yenyewe.

— Cheki faili lake kwanza, kuna madokta ukikohoa tu unaandikiwa inhela, kama alipewa akiwa na miaka 14 hapo atahitaji weiva, yaani ruhusa maalumu ya kupita kigezo hicho, na chuo ndo kinaamua.