Mtumbwi wa fito za mwerezi kwa mtu mmoja: nipunguze uzito wapi bila kuuharibu?

KafiMoja

Wakuu, habari zenu. Naandaa mtumbwi wa mtu mmoja wa fito zilizogundishwa na kuvikwa faibaglasi nje na ndani. Urefu mita 4.3, upana sentimita 70, kina katikati sentimita 29. Ni wa maji tulivu ya ziwa na mito isiyo na mawe mengi, na mwendeshaji ana kilo 75 pamoja na mzigo mdogo. Lazima mtu aweze kuubeba begani peke yake, kwa hiyo nataka ubaki chini ya kilo 18.

Mpango wa sasa ni fito za mwerezi mwekundu za milimita 6 kwa 19, kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba nje na ndani, kingo za mbao ngumu, na nguzo za ndani za omo na tezi (ncha ya mbele na ya nyuma) za mbao hiyo hiyo. Hesabu inanipa kati ya kilo 20 na 21. Nimefikiria kuzipasua fito ziwe milimita 4 ili mambo yaishe hapo. Nakosea wapi?

RandaKali

Mkuu, usiguse milimita 4. Fanya hesabu kwanza uone unapata nini na unapoteza nini.

Eneo la mtumbwi wako ni karibu mita za mraba 4.4. Mwerezi mwekundu mkavu una takribani kilo 370 kwa mita ya ujazo. Fito za milimita 6 zikishapigwa msasa nje na ndani hubaki kama 5.5, yaani kilo 9. Za milimita 4 hubaki 3.5, yaani kilo 5.7. Umeokoa kilo 3 na kidogo. Sasa angalia ugumu. Ukuta huu ni vitambaa viwili vilivyotenganishwa na mbao, na ugumu wake hufuata mraba wa umbali kati ya vitambaa. Kutoka 5.5 kwenda 3.5 unabakiwa na asilimia 40 hivi ya ugumu. Tumbo la mtumbwi litapumua kila unapopiga kafi, na ukipiga goti chini utaliona linabonyea.

Halafu kuna msasa wenyewe. Fito hazikai sawa kabisa, na kwenye kona ya mbavu, pale tumbo linapopinda kuwa ubavu, lazima ukate vibonge. Ukiwa na milimita 4, mahali pengine utajikuta na 2.5 bila kujua, kwa sababu macho hayapimi unene.

Kilo zako zimejificha kwenye epoksi (gundi ya maji inayolowesha kitambaa na kuganda) na kwenye mbao za kumalizia. Vipande vinne vya ukingo vya milimita 12 kwa 18, urefu mita 4.4 kila kimoja, ni karibu kilo 2.5 vikiwa vya mbao ngumu ya kilo 670 kwa mita ya ujazo. Vikiwa vya msprusi (mbao nyepesi) ulionyooka nyuzi, kilo 1.6. Ukichonga matundu kwenye ukingo wa ndani, kila tundu sentimita 8 na kibonge cha sentimita 4 katikati ya tundu na tundu, unatoa gramu 200 nyingine, na maji yanamwagika vizuri ukiugeuza. Nguzo za omo na tezi zitengeneze kwa fito hizo hizo za mwerezi zilizopasuliwa milimita 3 na kugundishwa kwenye kalibu. Mbao ngumu ndani ya nguzo haina kazi kama nje kuna tabaka mbili za kitambaa.

Ndani weka kitambaa cha gramu 160. Usishuke zaidi. Watu wengi hudhani kitambaa cha ndani ni cha urembo, lakini jiwe likigonga kutoka nje, upande wa ndani ndio unaovutwa, na ufa huanzia humo. Cha nje kazi yake kubwa ni mikwaruzo.

Kwa mpango huo, na fito zako za milimita 6 zikiwa vile vile, utafika kilo 17 na nusu hivi. Ukiwa fundi mwenye subira, tumia milimita 5, ushuke karibu 16. Chini ya hapo mimi singeenda kwa mtumbwi wa kila siku.

Epoksi_Taratibu

Namuunga mkono RandaKali, ila kwenye epoksi inafaa tukae zaidi, maana hapo ndipo mitumbwi mingi inaponenepa.

Kwa kila upande mahitaji yanahesabika. Kitambaa cha gramu 200 kikiloa vizuri hunywa epoksi yenye uzito karibu sawa na wake. Kwa mita za mraba 4.4 za nje ni kama gramu 900 za kulowesha, kisha gramu 1,050 za mikono miwili ya kujaza matundu ya ufumaji. Ndani, gramu 750 za kulowesha na mkono mmoja mwembamba wa gramu 400. Jumla kilo 3.1 zinazobaki mtumbwini. Ukiongeza ya kwenye vikombe, roli na vibonge vya kuziba, andaa kilo 4.5 hadi 5. Ikiwa umetumia 7, basi mbili ziko juu ya kitambaa na hazisaidii kitu.

Kulowesha kunafanywa hivi. Piga msasa namba 80, kisha futa mtumbwi wote kwa kitambaa chenye maji. Nyuzi za mbao zitasimama, na madoa ya gundi yataonekana meupe. Yaondoe sasa, kwa sababu chini ya epoksi hayaondoki tena. Ukikauka, piga namba 120. Tandaza kitambaa kikavu, laza mikunjo kwa brashi laini kutoka katikati kwenda omo na tezi. Changanya gramu 250 hadi 300 kwa wakati mmoja, si zaidi, kwa sababu epoksi ikikaa nyingi kwenye chombo chembamba hujipasha yenyewe na kuganda mkononi. Mimina katikati, sambaza kwa kipangusio cha plastiki. Subiri dakika chache mbao zinywe, kisha rudi na kipangusio ukivute ziada yote. Kitambaa kilicholoa sawasawa haking'ai. Kina sura ya kitambaa chenye unyevu na ufumaji wake unaonekana. Kikiwa king'avu kama kioo, kimeanza kuelea juu ya epoksi. Utakuja kukikata kwa msasa, na hapo umelipa uzito na umepoteza nguvu kwa pamoja.

Fanya kazi hiyo joto la chumba linaposhuka, alasiri kuelekea jioni. Asubuhi hewa iliyo ndani ya mbao inatanuka kadiri joto linavyopanda, inasukuma viputo chini ya kitambaa, na mwerezi una hewa nyingi sana. Mikono ya kujaza ipake siku hiyo hiyo, epoksi ikiwa bado inashika alama ya ukucha, ili tabaka zishikane bila msasa kati yake. Ukichelewa hadi kesho, osha kwa maji na sponji ngumu kwanza. Aina nyingi huacha utando unaoteleza kama sabuni, na msasa huusukuma ndani badala ya kuuondoa.

Uwiano wa kigumishi ni ule ulioandikwa na mtengenezaji, na uangalie kama ni kwa ujazo au kwa uzito, maana si sawa. Kuongeza kigumishi ili ikauke haraka ni mazoea ya resini ya poliesta. Kwenye epoksi, molekuli zisizopata mwenza hubaki laini milele. Na poliesta yenyewe usiitumie hapa, haishiki mwerezi vizuri.

Ndani usijaze ufumaji wote. Sakafu yenye uso wa kitambaa haitelezi, na umeokoa nusu kilo.

MchongaFito

Mimi nitaongeza ya fito zenyewe, kwa sababu uzito hutokana pia na makosa yanayozibwa.

Fito za milimita 19 zenye ulimi wa mviringo upande mmoja na mfereji upande mwingine hufunika karibu 16 tu zikishaingiliana. Mzunguko wako wa katikati utakuwa kama sentimita 112, kwa hiyo fito 70 za urefu kamili. Pasua 80, maana zipo zitakazovunjika na zenye jicho la tawi. Tumia msumeno mwembamba. Blade ya milimita 3 kwa fito za milimita 6 inageuza theluthi ya mbao kuwa unga, ya 1.6 inakula moja ya tano. Kama mbao zako ni fupi, ziunge kwa mshazari wenye urefu mara 8 ya unene, na viungo vipishane, visiangukie kiunzi kimoja.

Viunzi, yaani kalibu za umbo la mtumbwi zinazobeba fito, viwe kila sentimita 30, vimepangwa kwa uzi na pimamaji, na kingo zake zifunikwe kwa utepe wa plastiki ili gundi isishike. Usianze kwa kuufuata ukingo wa mtumbwi mpaka ncha. Anza usawa wa ukingo katikati, uache ufito uende kwa mkunjo wake wa asili kuelekea ncha, kisha zile pembe za juu za omo na tezi zijazwe na vipande vifupi baadaye. Ukilazimisha ufito wa kwanza kupanda, kila unaofuata unarithi ule mkazo. Mfereji utazame juu ili gundi ikae ndani yake.

Tatizo kubwa huja kwenye kona ya mbavu karibu na ncha. Hapo ufito hupinda na pia kujizungusha karibu nyuzi 90. Ukitumia upana wa milimita 19, utaachia mwanya upande mmoja. Pasua fito kumi hivi ziwe milimita 12 za eneo hilo, na uzipashe kwa bunduki ya hewa moto kabla ya kuzizungusha. Mianya inayojazwa kwa epoksi na unga wa mbao ni mizito kuliko mbao, na inaonekana.

Jambo moja lisisahaulike: ukishavika nje na kuutoa kwenye viunzi, usiuache wiki nzima bila kuvika ndani. Upande wa nje umezibwa, wa ndani bado unapumua. Hewa kavu ikiutoa unyevu, mbao husinyaa ndani na mbavu hujikunja. Weka vijiti vya kuushikilia upana wa sentimita 70 mara tu unapougeuza, na uvike ndani ndani ya siku mbili tatu.

Na vaa barakoa. Vumbi la mwerezi mwekundu linajulikana kusababisha pumu, na epoksi ikishakuletea mzio hairudi nyuma. Glavu za nitrili kila mara, hata kwa tone moja.

KafiMoja

Nimewaelewa. Nabaki na milimita 5, kingo za msprusi, ndani gramu 160. Maswali mawili ya mwisho. Tumbo la milimita 5 niliongezee nini? Na kiti kikae wapi, maana naona mitumbwi mingine ya mtu mmoja kiti kiko nyuma sana?

RandaKali

Tumbo: kabla ya kitambaa kikuu cha ndani, weka kipande cha gramu 160 chenye umbo la yai kuanzia magotini hadi nyuma ya kiti, urefu mita 1.6, upana sentimita 50. Ni gramu 200 hivi pamoja na epoksi yake. Kingo zake zikate kwa mawimbi, zisiwe mstari mnyoofu, ili mkazo usijikusanye sehemu moja. Usirudie kosa la kuongeza tabaka la pili mtumbwi mzima kwa hofu.

Kiti: ukingo wa mbele uwe sentimita 15 hadi 20 nyuma ya katikati. Uzito wa mtu aliyekaa huangukia mbele kidogo ya makalio kwa sababu ya miguu, na omo hubaki ikigusa maji. Kikiwa nyuma sana, omo hupanda na upepo wa ubavuni unaishika na kukuzungusha. Usitoboe matundu ya skrubu kabla ya kujaribu. Weka ubao juu ya kibonge cha sponji, kaa humo majini, mwenzako aangalie kina cha omo na tezi, uweke alama. Kwa kupiga magoti acha sentimita 23 hadi 25 kati ya sakafu na ukingo wa mbele wa kiti, ili miguu itoke haraka mtumbwi ukipinduka, na inamisha kiti mbele kwa sentimita 1.5. Kining'inize kwa bolti nne za milimita 6 zisizoshika kutu, na mashimo yake yapake epoksi kabla ya kuzipitisha.

Epoksi_Taratibu

Vanishi isisahaulike. Epoksi huharibiwa na jua. Hugeuka njano, kisha hupauka na kutoka unga. Subiri wiki moja baada ya mkono wa mwisho, osha, piga msasa namba 220, halafu mikono mitatu hadi mitano ya vanishi ya vyombo vya majini yenye kinga ya mionzi ya jua. Mikono iwe myembamba.