Siku nane za likizo: Bujumbura, Kigali au Windhoek?

mwalimu_Mwandiga: Wakuu, habarini. Nafundisha historia sekondari hapa Kigoma. Kila mwaka nikifika kwa Mjerumani nawapeleka wanafunzi stesheni, nawaonyesha meli yake ya Liemba, mada imekwisha. Desemba nina siku nane na akiba ya kuungaunga. Nataka nione mji mkuu mwingine aliopita huyo bwana. Nimebakiwa na mitatu hiyo. Aliyefika aseme.

BintiUjiji: Mwalimu, shika njia ya Buja. Asubuhi Manyovu, unagonga muhuri, unateremka kufuata ziwa kupitia Nyanza-Lac na Rumonge. Mtaa wa Buyenzi wanaongea Kiswahili utadhani uko Ujiji. Na samaki wetu mgebuka wao wanauita mukeke, wanaubanika mzima, unaletewa na ndizi za kukaanga. Mjerumani usinidai lakini. Usumbura, ndiyo Buja ya zamani, ilianza kama kituo chake cha kijeshi, ila majengo ya zamani utakayoyaona mengi ni ya Mbelgiji.

kobe_wa_reli: Buja si mji mkuu tena. Tangu 2019 ni Gitega, na Gitega ndiko Wajerumani walikohamishia makao yao 1912. Ukienda, panda huko siku moja, kuna Makumbusho ya Taifa. Na ulizia hali ya mafuta kabla hujaondoka, usije ukakwama stendi.

dada_Kasulu: Mimi nasema Kigali, nilikwenda mwaka jana. Nyumba ya Richard Kandt bado ipo, siku hizi ni makumbusho. Alikuwa daktari, alikuja kutafuta chanzo cha Nile, 1907 akaanzisha kituo juu ya kilima na mji ukaanzia hapo. Nyumba yenyewe haina makuu. Aliyezoea boma la Tabora atauliza, "Ndiyo hii tu?" Lakini simama uani utazame vilima pande zote, utaelewa kwa nini alipachagua.

Kisha nenda Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Waliozikwa pale ni zaidi ya 250,000. Kiingilio hakuna. Nilitoka nikakaa bustanini karibu saa nzima, hata simu sikuigusa.

Mengine ya kujua: mifuko ya plastiki acha nyumbani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za pamoja za kijamii, maduka yamefungwa. Na usipange kukatisha Burundi, walifunga mpaka wao na Rwanda Januari 2024. Pita Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, utokee Rusumo. Ukishavuka, magari yanahamia kulia, angalia unapokanyaga barabara.

mnyamwezi_Isevya: Kama unamtafuta Mjerumani hasa, ni Windhoek kule Namibia, hakuna ubishi. Nilipelekwa kikazi. Ngome ya Alte Feste ni ya 1890, kanisa la Christuskirche la 1910, Bunge lao linakaa Tintenpalast ya 1913. Gazeti la Kijerumani linauzwa mpaka leo!

Ila usiende kushangaa minara tu. Kati ya 1904 na 1908 Waherero na Wanama waliangamizwa, na karibu na ngome hiyo palikuwa na kambi ya mateka. Juu yake wakasimamisha sanamu ya askari juu ya farasi, iliyokuja kuondolewa 2013. Wenyeji walinionyesha ilipokuwa, hawakuongeza neno.

Jioni nenda Katutura ukale kapana. Nyama inachomwa mbele yako, unaonja kipande kwanza, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Mnyamwezi nilijisikia nyumbani.

mwalimu_Mwandiga: Na nauli, mkuu?

mnyamwezi_Isevya: Hapo ndipo penye kazi. Ndege za kuunga, na siku mbili zako zinaishia viwanja vya ndege. Mimi nililipiwa 😅

Halafu mbona mnaruka mji mkuu ulio jirani? 1916 serikali ya Mjerumani ilikuwa imekimbilia Tabora. Karakana ya reli ikafyatua sarafu za dhahabu za rupia 15, zina tembo. Septemba Mbelgiji akaingia.

kobe_wa_reli: Mnyamwezi ameshaanza 😂

mwalimu_Mwandiga: Windhoek nitasubiri nilipiwe na mimi. Naenda Kigali, nikirudi napitia Tabora kuwapigia wanafunzi picha za boma.

BintiUjiji: Haya, na mgebuka utaukosa. Watakupa sambaza, visamaki vya ziwa Kivu. Usiwashangilie sana, mbegu yake ilitolewa ziwani kwetu miaka ya 1950.