Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri: tupeane uzoefu

Mkazi wa Nkuhungu: Jana pale Majengo nilimsikia binti mmoja akiulizia fomu za kikundi, yaliyonipata yakanirudia. Mliowahi kuchukua fedha hizo, ambazo halmashauri hutenga kutoka mapato yake ya ndani, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, naomba tuelezane bila kufichana.

Mama Alizeti: Tulikuwa wanawake watano tusio na ajira. Tuliandika katiba, tukafungua akaunti, na baada ya kuzungushwa miezi saba tukaingiziwa shilingi milioni nne za kununua mashine ya kukamua alizeti. Riba haikuwapo, hilo nalishukuru. Watia saini tulikuwa watatu, na wawili walitosha kutoa fedha. Siku ya kwenda kulipia mashine, mwenyekiti na mhazini hawakutokea, nami nikaenda benki peke yangu, ambako karani alinisukumia karatasi yenye salio la shilingi 3,200. Mwenyekiti alikuwa wifi yangu. Marejesho tulidaiwa watatu tuliobaki, kwa kuwa mkataba ulitufunga sote, nikauza mahindi ya chakula debe kwa debe. Gunia la alizeti nililonunua kwa ajili ya kuanzia lilisimama ukutani hadi panya wakalimaliza.

Kijana wa Kizota: Pole sana, mama. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni kiasi tu.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa: Pole, lakini kosa ni la vikundi. Mwaka 2023 Serikali ilisitisha mikopo hii baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa, na waaminifu wakasubiri hadi 2024.

Mama Alizeti: Mwalimu, shikamoo. Mimi nimerejesha hata sehemu ya walioiba, kwa hiyo usinihesabu pamoja nao. Mwenye ulemavu anaruhusiwa kukopa peke yake. Kwa nini mimi nilazimike kubeba wenzangu?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa: Marahaba. Kwa hilo naomba radhi.

Fundi wa Kibaigwa: Msiunde kikundi na ndugu, na watia saini wote wawe lazima.

Bibi wa Chamwino: Mimi nasema afadhali ndugu, maana mgeni akihama humpati, bali ndugu mtakutana msibani.

Mama Alizeti: Bibi, tulikutana msibani, akapita upande wa pili wa turubai. Deni nimelimaliza mwezi uliopita, na sasa nakamulisha kwa jirani, ndoo moja moja, kwa jina langu.