Wauza kamera, mnatusifia megapikseli na kutuficha filta! Nebula yangu nyekundu iko wapi?

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha.

Nimedunduliza muda mrefu ninunue kamera ya kupigia picha nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi huko angani, na galaksi. Muuzaji nilimwambia waziwazi: hii naifunga kwenye darubini, kazi yake ni anga la usiku. Akaisifia megapikseli 45, akaisifia ISO (kiwango cha kamera kukuza ishara ya mwanga) inayopanda mpaka huko juu, akapokea hela. Habari ya filta hakuigusa.

Nikaielekeza nebula ya Rosette. Picha 60, kila moja dakika tatu, nikaziunganisha usiku kucha. Kimetoka kiwingu kilichopauka! Haidrojeni ya nebula kama ile hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656.3, na kamera za kawaida zina filta mbele ya sensa inayokata sehemu kubwa ya mwanga huohuo ili rangi za mchana zitoke vizuri. Kwa mpiga picha za harusi, sawa kabisa. Mimi nimenyimwa kilekile nilichokifuata.

Na asiniambie mtu kwamba jambo hili halijulikani. Canon walitoa 60Da mwaka 2012 na Nikon wakatoa D810A mwaka 2015, zote zikiwa na filta inayopitisha wekundu huo. Basi kwa nini kwenye maelezo ya kamera nyingine hakuna hata mstari mmoja unaosema inapitisha kiasi gani?

Hizo megapikseli zenyewe! Pikseli ya mikromita 4.4 kwenye darubini ya milimita 2000 inachukua sekunde za pembe 0.45 tu za anga (sekunde moja ya pembe ni digrii moja igawe mara 3600), wakati hewa yenyewe mara nyingi inaitawanya nyota hadi 2 au zaidi. Unalipia vipande ambavyo anga haliwezi kuvijaza. ISO nayo haiongezi hata chembe ya mwanga. Kuna kamera, tena hili linaniuma kweli, zinazosafisha zenyewe chenga, yaani vidoa visivyotokana na mwanga, hata kwenye faili ghafi (RAW) na kufuta nyota ndogo zikidhani ni uchafu.

Nimerudi kudai nibadilishiwe, nimejibiwa kamera "haina tatizo".

Mliowahi kutolewa filta hiyo kwenye kamera zenu, semeni ukweli: fokasi ilibaki sawa? Au niiuze kwa hasara nitafute kamera yenye kupoozwa sensa, maana joto la sensa nalo linanijazia chenga?