Uliyewahi kumtengenezea mzazi modeli ya ndege, ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Msasa: Wakuu, nimeingia kwa mtu nikakuta Boeing 747 imesimama juu ya kabati, zawadi ya mtoto kwa mamake. Nikakumbuka yangu. Mama alikuwa mhudumu wa ndege, nikamtengenezea hiyohiyo 747 kwa skeli ya 1/144, yaani imepunguzwa mara 144. Kwenye boksi unaona vipande tu. Ukishaunganisha unapata kitu cha karibu nusu mita kutoka pua hadi mkia, na nyumba nzima inauliza kitakaa wapi. Madirisha yote yale ni stika za kuloweka majini! Mliopitia haya, mwageni.

Gundi Mkononi: Stika usinikumbushe kabisa. Mzee wangu anastaafu urubani, nikampatia Fokker F27, ndege aliyoanzia kazi. Boksi lilikuwa la zamani, lakini plastiki safi na kila kipande kimo. Nikaunganisha, nikapiga puti kwenye mshono wa bodi, nikasugua kwa msasa wa maji mpaka ukipitisha ukucha husikii kitu. Nyeupe juu, mstari wa buluu ubavuni. Nikajiona nimemaliza.

Usiku wa kuamkia sherehe nakata stika ya kwanza, ile ya namba ya usajili, nailoweka kwenye maji ya vuguvugu. Naisukuma taratibu kwa brashi. Badala ya kuteleza, ikapasuka. Herufi moja ikabaki kwenye karatasi, nyingine ikajikunja, nyingine ikazama. Nikashika kibanio nikaanza kuvua herufi kwenye bakuli, na kila ninayoigusa inagawanyika mara mbili. Ikabidi nichukue brashi nyembamba kuliko zote niandike namba kwa mkono huku nimebana pumzi. Kesho yake mzee akavaa miwani, akasoma namba yote kwa sauti, watu wanapiga makofi, yeye ananiinamia sikioni: "G imelala."

Bawa la Kushoto: G imelala 😂😂 Wazee wa anga hawana dogo.

Rubani wa Sebuleni: Stika ya zamani unaipiga kwanza vanishi angavu, ikikauka ndipo unailoweka. Vanishi ndiyo inaishika isisambaratike. Ila kila moja uikate kwa kuifuata umbo lake, maana ukishapiga vanishi karatasi nzima imekuwa stika moja.

Gundi Mkononi: Ungeniambia usiku ule, mkuu.

Chuma cha Pua: Na vioo vya rubani msiguse kwa supagluu. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Tumieni gundi nyeupe, ikikauka haionekani.

Bawa la Kushoto: Mimi natumia supagluu kwenye vioo na sijawahi kuona huo ukungu.

Chuma cha Pua: Basi rubani wako ndiye asiyeona.

Rubani wa Sebuleni: Jamani. Ukiweka tone dogo na hewa ikapita inaweza isitokee. Ukifunika boksi usiku kucha, asubuhi utaikuta. Tuendelee.

Binti Fundi: Naomba niseme yangu maana mpaka leo nyumbani haijaisha. Baba ni fundi wa ndege mstaafu, miaka mingi kwenye Dakota. Nikamtengenezea moja ya 1/72, mabawa kama sentimita 40. Viti vya ndani nilivipaka rangi kimoja kimoja ingawa ukishafunga bodi huvioni. Nikampa. Akaishika, hakuangalia rangi wala stika, akaigeuza akachungulia injini. "Silinda 9. Hii Cyclone. Zetu zilikuwa Pratt & Whitney, 14, mistari miwili." Halafu akapitisha kidole ubavu wa kushoto, nyuma ya bawa. "Na mlango wa mizigo uko wapi?" Boksi lilikuwa la DC-3 ya abiria, yeye katumikia C-47, ile Dakota ya mizigo. Akashukuru vizuri tu, tukala, tukalala.

Asubuhi kabati tupu. Namkuta mezani, taa kaivuta karibu, wembe mkononi. Ubavu wa kushoto ameshaukata.

Msasa: Subiri. Alikata ZAWADI?

Binti Fundi: Alikata. Mlango mpana wa kufunguka pande mbili, kingo zimenyooka kuliko chochote nilichofanya mimi. Viti vyangu kaving'oa vyote, kavipanga kwenye kifuniko cha chupa. Anasema mizigo haikai kwenye viti.

Bawa la Kushoto: Mama alisema nini??

Binti Fundi: Mama aliuliza kama atakunywa chai hapo au mezani kwa watu.

Kisoda: Ushauri kwa wote: kumbukeni kuweka uzito puani kabla hamjafunga bodi, vinginevyo ndege inakaa kitako.

Chuma cha Pua: Dakota? Gurudumu lake la tatu liko mkiani, inakaa kitako tangu 1935.

Kisoda: Nilikuwa naongelea Fokker na 747.

Chuma cha Pua: Ungesema.

Mpita Njia: Mimi nilinunua iliyokwisha kutengenezwa nikafuta vumbi. Mama hajui hadi leo.

Msasa: Huyu atolewe 😂 Binti Fundi, sasa ndege iko wapi?

Binti Fundi: Bado mezani. Juzi kanipigia anataka injini mbili za silinda 14 za skeli hiyo. Najua kuna watu wanauza injini peke yake za resini, ile plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu. Nimletee?

Rubani wa Sebuleni: Mletee. Ila osha resini kwa maji ya sabuni kwanza, rangi haishiki kwenye mafuta ya kalibu.

Gundi Mkononi: Usimletee! Akishazipata anafungua na mabawa.

Binti Fundi: Bawa moja ameshafungua.