Hilux 3L: gasketi ya manifoldi ya ekzosi inaungua palepale kila ikibadilishwa

Mizigo_Himo:
Wakuu habari za jioni. Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, inapanda Marangu tupu na kushuka na ndizi hadi Arusha. Ikiwashwa ya baridi inapiga "tak tak tak" upande wa ekzosi, ikipata moto sauti inafifia, ila ukiikanyaga kwenye kilima inarudi. Masizi yamejaa kwenye tundu la silinda ya nne, nyuma kabisa. Gasketi mpya ya manifoldi (kipande cha chuma kinachokusanya moshi kutoka silinda zote) iliwekwa, mwezi haukuisha ikaungua hapohapo. Stadi (boliti isiyo na kichwa) ya mwisho imekatikia ndani. Fundi anashauri gasketi mbili pamoja na silikoni. Ni sawa? Na hiyo stadi inatoka bila kushusha silinda hedi (kichwa cha injini)?

Spana_UngaLtd:
Mkuu, gasketi mbili hapana, silikoni hapana kabisa. Silikoni ya kawaida huishia nyuzi joto 300 hivi, na manifoldi ya dizeli iliyobeba mzigo mlimani inapita hapo bila shida. Itaungua, itaacha upenyo, na gesi itakula uso wa hedi.

Gasketi ikiungua mara ya pili mahali palepale, acha kuilaumu. Manifoldi imepinda. Kasti (chuma cha kumimina cha manifoldi) ikipata moto inarefuka kuliko hedi, kwa sababu hedi inapozwa na maji. Urefu huo unasukumia kwenye ncha, ndiyo maana stadi za mwanzo na za mwisho ndizo hukatika, za katikati mara chache. Matundu ya manifoldi huwa mapana kidogo kuliko stadi ili iteleze. Fundi akikaza kwa bomba refu la kuongezea nguvu, haitelezi tena: ama stadi inakatika, ama manifoldi inajikunja.

Ifungue, safisha uso wote kwa brashi ya waya, ilaze rula ya chuma iliyonyooka kupita matundu yote manne, kisha pitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia upenyo) chini yake. Fila ya 0.2 mm ikipita kwa shida, gasketi nzuri itaziba. Ikipita ya 0.5 mm, peleka kwa fundi wa kuchonga vyuma (tena) akaisawazishe kwenye mashine, asikwangue kwa grainda ya mkono. Pima na uso wa hedi pia, watu wengi wanausahau.

Wakati wa kurudisha: gasketi ya chuma, kavu, bila gundi yoyote. Kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu tatu. Kama huna kitabu cha injini, stadi ya M8 (unene milimita 8) isizidi Nm 20 hivi na ya M10 Nm 40 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Washa, ipate moto, zima, iache ipoe kabisa ndipo uguse nati tena. Ukikaza ikiwa ya moto unaharibu kazi yote.

Tena_Majengo:
Naongezea kuhusu stadi. Hedi haishuki kwa ajili ya hilo. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Kama imebaki hata milimita tatu nje, iweke nati juu yake na uijaze kwa welding ya gesi ya CO2. Joto lile ndilo linalolegeza kutu. Subiri ipoe kidogo, halafu izungushe mbele na nyuma kidogo kidogo, usiivute upande mmoja tu. Chomoa betri kwanza, na kama gari lina altaneta ya karibu ifunike.

Ikikatikia sawa na uso, piga alama katikati kabisa kwa sentapanchi, toboa 3 mm, kisha 5, kisha 6.5. Kukosea katikati ndiko kunakoharibu hedi. Thredi zikifa, weka koili ya thredi.

Na hili liangalie sana dukani: stadi za M10 za Toyota kwa kawaida ni thredi ya 1.25 (milimita kutoka jino hadi jino), na boliti za M10 za duka la vifaa vya ujenzi ni 1.5. Inaingia mizunguko miwili, mtu anadhani ni kutu, anailazimisha, thredi zote zinaondoka. Boliti za ujenzi pia ni laini, hazistahimili joto. Chukua stadi ya gari.

Kisongo_Diesel:
Kabla hujafungua chochote, ziba mdomo wa ekzosi kwa tambara nene kwa sekunde chache, mwenzako asikilize kwa kipande cha mpira sikioni. Tundu la manifoldi litapiga zaidi. Kugonga kwa beringi hakubadiliki.

Wenye injini ya 1KD, dizeli nyingine ya Toyota, msinakili thread hii moja kwa moja. Sauti kama hiyo huko mara nyingi ni washa (ringi) za shaba za injekta zinavuja. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensi (inazunguka bila kukanyagwa), ukiona inapumua kwa mapigo na weusi mzito umezunguka injekta, ndipo pa kuanzia, tena haraka, maana masizi yale huishia kuziba chujio la oili chini.

Spana_UngaLtd:
Kweli. Nimesahau jambo moja: angalia mauntini za injini (mipira inayoishika kwenye chasisi) na mipira ya kuning'iniza bomba. Mauntini ikifa, injini inayumba na bomba limefungwa kwenye chasisi, uzito wote unaning'inia kwenye manifoldi. Legeza nati za bomba la mbele: likiruka pembeni likiachiwa, lilikuwa linavuta.

Mizigo_Himo:
Asanteni sana wakuu. Bomba limeruka karibu kidole kizima, na mpira wa nyuma ya giaboksi haupo. Baada ya kusafisha pia naona ufa mdogo kati ya tundu la tatu na la nne. Unachomeleka?

Tena_Majengo:
Unachomeleka kwa elektrodi za nikeli, si zile za kawaida. Toboa 3 mm kila mwisho wa ufa ili usiendelee, uchimbe umbo la V, ipashe manifoldi yote moto, chomelea vipande vya sentimita mbili mbili ukivigonga kwa nyundo ndogo, halafu izike kwenye majivu makavu hadi kesho yake. Kuisawazisha kunakuja baada ya hapo, maana welding itaipinda tena. Ila ufa ukiwa umefika kwenye uso wa gasketi, nunua iliyotumika. Nenda na rula yako dukani, ipime kabla hujalipa. Na usivuke maji ya mto ikiwa imetoka kupanda mlima, ufa wa namna hiyo mara nyingi huanzia hapo.