Naomba ushauri: mume ana upungufu wa alfa-1, watoto tuwapime?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naishi Sweden. Mume wangu ni mwenyeji wa huku, seremala, miaka 41, hajawahi kuvuta sigara. Akifika ghorofa ya pili lazima ashike ukuta apumue. Alitibiwa kama mwenye pumu muda mrefu, pampu haikumsaidia sana. Juzi damu ikaonyesha alfa-1 antitripsini (ndiyo hiyo alfa-1, protini ya kwenye damu) gramu 0.2 kwa lita (kawaida huanzia kama 0.9), na kipimo cha vinasaba kikasema ZZ, yaani amerithi kinasaba chenye kasoro, Z, kwa baba na kwa mama.

Nilivyoelewa, protini hii hutengenezwa kwenye ini na huzuia elastasi (kimeng'enya) ya chembe nyeupe za damu isile mapafu. Ya aina ya Z hujikunja vibaya, zikashikamana na kukwama humohumo kwenye ini. Mapafu yanakosa ulinzi, na ini nalo linaweza kuumia.

Kazini sasa anavaa barakoa ya vumbi, pombe ameacha, chanjo za mafua na nimonia kapata. Ultrasaundi ya ini iko sawa.

Watoto wetu wawili lazima wamerithi Z moja kwa baba yao. Je, nipimwe mimi kwanza, nikikutwa MM (vinasaba vyote viwili vya kawaida) wao waachwe, au wapimwe moja kwa moja? Nasikia Z ni nadra kwetu Waafrika, ila nadra si sifuri. Mama mkwe hataki wachomwe sindano. Hilo kwangu si hoja.

Na aliyewahi kuwekewa dripu ya protini hii kila wiki: daktari aliangalia kipimo gani kabla ya kuanza?